Kindi, urujuani na msitu mmoja wa Usambara

Ni vigumu kutaja mmea mwingine wa porini kutoka Tanzania ulioingia katika nyumba nyingi duniani kama urujuani wa Usambara. Ua lake ni dogo, la zambarau iliyokolea, na katikati limebeba vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano. Majani yake ni manene, yamefunikwa na vinyweleo laini, na yanajipanga kwa duara kuzunguka shina fupi lililojificha. Kwa zaidi ya miaka mia moja mmea huu umepandwa katika vyungu, umeuzwa, umeshindanishwa katika maonyesho na kupewa majina ya kila namna, kuanzia Ulaya hadi Marekani na Japani. Katika misitu hiyohiyo ulikotoka anaishi kindi mwenye tumbo jekundu, Paraxerus palliatus kwa jina la kitaalamu, ambaye hana soko wala chama cha wapenzi. Mkulima akimwona karibu na mazao yake humfukuza kwa jiwe.

Ukitazama hali zao porini, mambo yamepinduka. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi unaopima hatari ya viumbe kutoweka, kindi huyu yumo katika daraja la viumbe wasiotia wasiwasi mkubwa. Jamaa wengi wa urujuani wamo miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka, na baadhi yao wamebaki kwenye miamba michache tu. Anayependwa na mamilioni anapungua kwao, na asiyependwa na mtu anaendelea kuruka matawini. Naamini ulinganisho huu unagusa jambo ambalo sera zetu za uhifadhi bado hazijalishika sawasawa: wingi wa kiumbe duniani hautuambii kama yuko salama, mpaka tuulize anaishi wapi, anahitaji nini hapo, na akifukuzwa hapo atakwenda wapi.

Kwanza tuangalie ua lilivyoondoka. Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alilikusanya mwaka 1884, na mmisionari W. E. Taylor akalikusanya mwaka 1887. Vielelezo vyao vilipelekwa Uingereza, katika bustani ya Kew, lakini havikutosha kuutambulisha mmea rasmi kwa sayansi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika wilaya ya Usambara, aliukuta na kuutuma kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akauandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Ukoo wa ofisa huyo ukabaki katika jina la kitaalamu la mmea kwa zaidi ya karne moja. Ni mwaka 2015 tu ndipo wataalamu, baada ya kuchunguza vinasaba, walipouhamishia katika jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya Streptocarpus. Washambaa waliopita kando ya miamba ile vizazi na vizazi hawakuwa na nafasi katika habari hiyo, kana kwamba ua lilianza kuwapo siku ofisa alipoinama kulitazama.

Biashara ilikuja haraka. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary huko Erfurt ilianza kuuza mbegu zake. Mwaka 1926 bustani moja ya biashara karibu na Los Angeles, Armacost and Royston, iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche mingi, kisha ikachagua aina kumi tu zilizopendeza na kutupa zilizobaki. Kutoka katika aina hizo kumi ukakua msingi wa biashara ya Marekani, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo nchini humo wakaunda chama chao cha kitaifa. Baadaye wafugaji wa maua walichanganya damu nyingine kutoka porini, lakini sehemu kubwa ya vyungu tunavyoviona imetoka katika mfereji mwembamba sana.

Na mfereji huo unazidi kuwa mwembamba kwa sababu ya tabia moja ya mmea wenyewe. Chukua jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo laini wenye unyevu, ngoja wiki kadhaa. Vichipukizi vitatokea chini ya kikonyo, na kila kimoja ni mmea uleule wa mama, bila tofauti ya damu. Kwa mfanyabiashara hiyo ni neema tupu. Kwa mtu anayehesabu uhai wa spishi, nyumba ya kioo yenye vyungu laki moja inaweza kuwa na mmea mmoja tu uliorudiwa mara laki moja. Wingi huo ni wa macho.

Porini hali ni nyingine kabisa. Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga milima hii na kumwaga mvua. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo umedumu kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo maana kila mlima umekuwa kama kisiwa chenye viumbe wasiopatikana popote pengine. Urujuani ni mtoto wa mazingira hayo. Hukaa kwenye nyufa za miamba, kingo za vijito, na mabonde yenye kivuli kizito, mara nyingi juu ya tabaka jembamba la udongo na kuvumwani lisilozidi unene wa kidole. Mizizi yake haizami. Jua la moja kwa moja la siku chache linatosha kuukausha kwa sababu hauna akiba ya maji chini yake.

Hapa nataka tusogee karibu zaidi, kwa sababu ua lenyewe linaeleza mengi kuliko takwimu. Vile vifuko viwili vya manjano havipasuki na kumwaga chavua kama vya maua mengi. Vina matundu madogo nchani, na chavua hubaki imefungiwa ndani. Ua halina asali ya kumvuta mdudu. Anayeweza kulifungua ni nyuki wa porini, wakiwemo wa jenasi ya Amegilla, ambao hulikumbatia ua kwa miguu, wakatikisa misuli ya mabawa bila kuruka, na mtetemo huo unaosikika kama mvumo mkali ndio unaorusha chavua nje. Nyuki wa asali tuliowazoea hawana ufundi huo. Tena, kijiti cha kike cha ua kimepinda kulia katika baadhi ya maua na kushoto katika mengine. Nyuki akibeba chavua ubavuni kutoka ua la mpindo mmoja, huigusisha kwa urahisi zaidi ua la mpindo wa upande mwingine. Ni mpango wa kuzuia ua lisizae na nafsi yake. Mbegu zinazopatikana ni vumbi, ndogo kiasi cha kupotea kwenye mkunjo wa kiganja, na zinahitaji kuangukia mahali penye unyevu palepale, msimu uleule, la sivyo zimekwisha.

Katika chungu hakuna kati ya haya linalohitajika. Hakuna nyuki, hakuna mwamba, hakuna mbegu. Mmea unaotunzwa dirishani umetolewa katika maisha yake yote na kubakizwa rangi. Nausema hivyo kwa masikitiko, nikijua kwamba wanaoutunza wanaupenda kwa dhati.

Sasa huyu kindi. Ana uzito wa gramu 200 hadi 400 hivi, mgongo wa kijivu ulionyunyiziwa weusi, tumbo na miguu ya rangi ya chungwa iliyokolea hadi nyekundu, na mkia mrefu wa rangi hiyohiyo. Huamka na jua. Asubuhi utamsikia kabla ya kumwona, akitoa mlio wa kukatakata huku akiupiga mkia juu chini, hasa akihisi nyoka au mwewe. Akipata tunda hukaa kwa makalio, hulishika kwa viganja vya mbele, huligeuzageuza akitafuta mahali laini pa kuanzia, kisha meno yake ya mbele, yasiyoacha kukua maisha yake yote, hufanya kazi. Hula matunda, kokwa, machipukizi, magome, wadudu, na mayai ya ndege akiyakuta. Hulala kwenye shimo la mti alilolitandika majani. Makazi yake yanaanzia kusini mwa Somalia, yanapita pwani ya Kenya na Tanzania, Zanzibar na Mafia, hadi KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini.

Upana huo wa makazi ndio unaompa daraja lake jema katika Orodha Nyekundu, na una sababu zake. Tumbo lake halichagui sana. Tunda la mti mmoja likiisha, atahamia mti mwingine. Miti ikikatwa upande huu, anaweza kuvuka kwenye vichaka na pembezoni mwa mashamba mpaka afike upande wa pili, kama bado upo. Urujuani hauna uwezo huo. Pale mbegu ilipoangukia ndipo maisha yote yatakapopita, na mabadiliko ya hewa ya mita chache, kutoka kivuli hadi jua, ni sawa na kuhamishiwa jangwani.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kabisa katika shamba la iliki. Katika Usambara Mashariki, wakulima wamekuwa wakilima iliki ndani ya msitu kwa sababu iliki yenyewe inapenda kivuli. Mkulima hafyeki kila kitu. Huacha miti mikubwa, husafisha miti midogo na mimea ya chini, hupunguza matawi kiasi, kisha hupanda. Ukitazama kutoka mbali, au kwenye picha ya setelaiti ya ubora wa kawaida, bado unauona msitu: vilele vya kijani vimeshikana. Ukiingia ndani unakuta tabaka la chini limekwisha, hewa imekauka kidogo, mwanga unafika ardhini, na baada ya miaka kadhaa udongo unachoka na miti mikubwa nayo inaanza kuondoka. Kindi anaweza kuendelea kupita juu kwa muda mrefu bila kuhisi lolote. Urujuani uliokuwa kwenye jiwe lililo katikati ya shamba hilo umekufa mwaka wa kwanza au wa pili. Ndiyo maana napinga tabia ya kupima afya ya msitu kwa wanyama wanaoonekana. Mtafiti anayepita na kuandika kwamba kindi wapo, ndege wapo, nyani wapo, anaweza kuondoka ameridhika huku nusu ya msitu, ile nusu ya magotini kwenda chini, ikiwa imeshapotea.

Lakini itakuwa kosa kugeuza hoja hii kuwa sababu ya kumsahau kindi. Daraja lake jema limepimwa kwa kutazama makazi yake yote kwa pamoja, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini, na wastani huficha mengi. Kule KwaZulu-Natal kuna msitu wa Ngoye, uliobaki peke yake juu ya mlima na kuzungukwa na nyasi na makazi ya watu. Humo anaishi kindi huyuhuyu kwa nususpishi inayoitwa ornatus, asiyepatikana katika msitu mwingine wowote. Msitu huo ukiungua au ukikatwa, hakuna kindi wa Mafia atakayefika kuziba pengo. Kwa kindi wa Ngoye, msitu ule ni sawasawa na mwamba wa urujuani.

Halafu kuna binamu yake wa milimani, Paraxerus vexillarius, anayepatikana Tanzania peke yake, katika misitu ya baridi ya Usambara na milima mingine ya Tao la Mashariki. Huyu hana pwani ya maelfu ya kilomita ya kukimbilia. Akishuka bondeni anakuta joto na mashamba. Ni kindi kwa umbo, lakini kwa ramani ya maisha yake anafanana zaidi na ua lililo chini yake kuliko na kindi mwenzake wa pwani. Hili ndilo linalonivutia zaidi katika ulinganisho mzima: tumezoea kugawa viumbe kwa ufalme, mnyama upande huu na mmea upande ule, idara hii na idara ile, fungu hili la fedha na fungu lile. Mgawanyo wenye maana kwa anayetaka kuzuia viumbe wasitoweke ni kati ya wanaoweza kuhama na wasioweza. Wako wanyama wasioweza. Iko mimea inayoweza, kama mti wa msizi, ambao asili yake ni magharibi ya Afrika Mashariki na Afrika ya Kati, ukaletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na sasa umejaa katika Usambara Mashariki kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kuzisambaza mbegu huku na huko.

Tena, hata kindi wa pwani hazai kama tunavyodhani. Watu humweka kundi moja na panya na kuamini kwamba hawezi kwisha. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 60 na kuzaa mtoto mmoja au wawili. Mnyama wa namna hiyo akiwindwa sana katika kipande kidogo cha msitu, pengo lake halizibiki kwa msimu mmoja.

Je, kindi ana mchango wowote kwa urujuani? Upo, ingawa ni wa mbali na usitiwe chumvi. Kindi huyu hufukia kokwa na mbegu hapa na pale kama akiba, na zile asizozirudia huweza kuota. Mti unaoota leo kutokana na kokwa iliyosahaulika utachukua miongo kadhaa kabla ya kutoa kivuli cha maana juu ya mwamba. Kwa hiyo urujuani unaochanua leo unaishi chini ya miti iliyopandwa na ndege, popo na kindi waliokufa zamani. Ukiondoa wanyama wasambazaji leo, ua halitakufa kesho. Litakufa wakati ambao wajukuu wetu ndio watakaokuwa wakihesabu. Uhifadhi unaopangwa kwa mradi wa miaka mitatu hauwezi kuuona uhusiano wa namna hiyo, na nadhani hapo ndipo mipango mingi inapokwama.

Najua jibu linalotolewa na baadhi ya wapenzi wa maua: mmea uko salama katika makusanyo ya bustani na majumba, hivyo hata ukitoweka porini haujapotea. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu ina sehemu ya ukweli. Bustani za mimea zimehifadhi spishi ambazo porini zimebaki chache, na mkusanyo wenye kumbukumbu nzuri za mahali mbegu zilipotoka ni hazina. Tatizo ni kwamba vyungu vya madukani si mkusanyo wa namna hiyo. Ni machotara waliochaguliwa kwa ukubwa wa ua, wingi wa petali, rangi za pinki na nyeupe, na uvumilivu wa hewa kavu ya ndani ya nyumba. Ukirudisha chotara kama huyo Usambara hurejeshi kilichopotea, na unaweza kuharibu damu ya waliosalia ikiwa nyuki atabeba chavua yake kuipeleka kwa jamaa wa porini. Na hata mkusanyo bora wa kisayansi hauhifadhi uhusiano na nyuki, na kuvumwani, na mwamba. Unahifadhi mbegu ya uwezekano, na uwezekano unahitaji mahali pa kurudi.

Mahali hapo panazidi kuwa haba. Zaidi ya theluthi mbili ya misitu ya asili ya Tao la Mashariki imeshakwenda. Katika milima ya Taita, aina inayoitwa teitensis imebaki katika msitu wa Mbololo, ambao ukubwa wake ni takriban hekta 200. Kaskazini mwa Mombasa, katika kaunti ya Kilifi, aina ya rupicola inashikilia miamba ya chokaa kama ile ya Cha Simba, ambapo msitu umebaki kama kofia juu ya mawe huku pande zote zikiwa mashamba. Na chokaa, kama kila mtu wa pwani ajuavyo, ni malighafi ya saruji. Kindi ana msitu wote. Urujuani una jiwe moja, na jiwe hilo linaweza kupasuliwa kwa wiki moja.

Lipo pia suala la haki, na sioni sababu ya kulizungumza kwa sauti ya chini. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, miaka mia moja kamili tangu ofisa yule alipoutuma urujuani Ujerumani. Mkataba huo ulitamka kwamba nchi zina mamlaka juu ya rasilimali zao za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka utaratibu wa kugawana faida. Lakini sheria hizi hazirudi nyuma. Kilichochukuliwa wakati wa ukoloni kimechukuliwa, na hakuna senti ya chungu kinachouzwa leo ambayo mkataba unaitaka irudi Tanga au Taita. Kisheria hakuna mdai. Kimaadili deni lipo, na wenye kulilipa wanafahamika: kampuni za mbegu na miche, maonyesho ya maua, vyama vya wapenzi wenye wanachama wanaojua majina ya spishi za porini kuliko sisi wenyewe. Fungu dogo kutoka katika kila shindano la kila mwaka lingeweza kulipa walinzi wa miamba. Wanaoupenda mmea huu wakiambiwa wazi kwamba mama yake anakufa, naamini wengi wangechanga.

Kwa sasa gharama ya kuulinda imewaangukia watu wengine. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na ni jambo jema. Bila yake hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini wakulima wa iliki walioondolewa katika ushoroba wa Derema, unaounganisha vipande vya msitu jirani, walipoteza zao la biashara lililosomesha watoto wao, na suala la fidia lilisumbua kwa miaka. Haiwezekani kumwambia mtu aache iliki kwa ajili ya ua ambalo yeye hapati chochote kwalo, huku mwingine ng'ambo akiliuza. Mtu huyo hana uadui na ua. Ana ada ya shule.

Tukikubali kwamba swali la msingi ni nani hawezi kuhama, basi hata bajeti inabadilika sura. Kumlinda kindi wa pwani kunahitaji misitu mikubwa na njia za kuiunganisha, kazi ya serikali, ya gharama kubwa na ya muda mrefu, ambayo lazima iendelee. Kuulinda urujuani kunahitaji, juu ya hayo, kitu kidogo zaidi na cha haraka: mwamba huu, kijito hiki, miti hii ishirini inayokifunika. Eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira linaweza kubeba jamii nzima ya mimea isiyopatikana pengine. Kijiji kinaweza kulisimamia chini ya sheria za misitu ya vijiji ambazo Tanzania tayari inazo tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na upande wa Kenya misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, imeonyesha kwa muda mrefu kwamba kipande kidogo chenye wenyewe wanaokiheshimu hudumu kuliko eneo kubwa lisilo na mwenyewe.

Kazi ya kuanza nayo, kwa maoni yangu, ni kuandikisha kila mwamba unaojulikana kuwa na urujuani kuanzia Kilifi na Mbololo hadi Usambara, kuuwekea mipaka pamoja na miti inayoupa kivuli na njia ya maji inayoulowesha, na kukilipa kijiji jirani kila mwaka kwa kadiri mimea itakavyokutwa hai. Malipo yafuate hesabu ya mimea, yasifuate semina. Wahesabu wawe vijana wa hapohapo waliofundishwa kutofautisha aina moja na nyingine kwa vinyweleo vya jani, na mbegu zichukuliwe kidogokidogo kutoka kila jamii ya porini, zihifadhiwe Tanzania na Kenya kwanza kabla ya kupelekwa kokote. Na katika fomu hizohizo, kwenye safu ya pili, waandike kama wamemsikia kindi.